Pini Thelathini Juu ya Bati Moja

"Punguza sauti, Mama Bramwel, majirani wanasikia."

"Wasikie! Na wakisikia vizuri wakuje wanisaidie kukuuliza: vifaranga elfu moja mia tano wanafanya nini juu ya makochi yangu?"

"Ni hitilafu ndogo tu ya mfumo."

"Mfumo ndiye nani? Ako na mama yake nimpigie simu?"

Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi huko Shirere, Kakamega, umande haujakauka kwenye ua wa michongoma unaotenganisha boma la Jescah, mama yake Bramwel, na la Protus Osundwa, baba yake Michelle. Jescah alikuwa mlangoni kwake, leso kifuani, mwiko mkononi. Protus alikuwa upande wa pili wa ua, shati limefungwa kifungo kimoja, akitabasamu kama mtu aliyekanyaga kinyesi akitumai wenzake watadhani ni tope. Nyuma ya Jescah, ndani ya nyumba, ilisikika sauti moja isiyokoma, chwi-chwi-chwi, kama kanisa zima la watu wadogo wanaosengenya.

Gari la kampuni ya vifaranga lilikuwa limefika alfajiri kutoka Kisumu. Dereva hakuujua mji, kwa hiyo alifuata ramani ya simu. Mteja wa kwanza: hapa. Wa pili: hapa. Wa kumi na saba: hapa hapa. Alipochoka kushangaa alishusha makatoni yote thelathini, kila moja na vifaranga hamsini wa siku moja, akamtakia Jescah siku njema, akaondoka.

"Ulisema nini juu yangu mbele ya watu ile wiki?" Jescah aliuliza. "Rudia."

"Mama Bramwel, hayo yamepita."

"Hayajapita. Yako hapa kwa zulia yangu yanaenda haja. Basi sikia. Kuanzia leo usikanyage kwa mlango yangu. Chai yangu usionje. Hata moshi ya jikoni yangu ikikuja huko kwako, funga dirisha!"

Akaingia ndani. Protus akabaki na ua wake.

Tusimwonee Protus. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu mtu aliyejiamini kuliko vyeti vyake, na cheti chenyewe kilikuwa kimoja, cha ubatizo. Alikuwa makanga wa matatu miaka tisa kwenye barabara ya Mumias. Akawa dalali wa miwa, mpaka miwa ikamkimbia. Akauza simu za mitumba, akanunua nyingi zaidi ya alizouza. Mwaka huu alikuwa amefungua ofisi ndani ya kontena kando ya barabara na kuandika juu yake kwa rangi nyekundu OSUNDWA GLOBAL. Dunia hiyo ilianzia Shirere ikaishia Malava, na siku za mvua iliishia pale lami inapoishia.

Kampuni ya vifaranga ilikuwa ikitafuta wakala wa Kakamega. Kazi haikuonekana ngumu. Uwaandikishe wafugaji, kisha siku ya mzigo uhakikishe kila mmoja amepata vifaranga wake wakiwa hai kabla ya saa nane mchana, maana kifaranga wa siku moja hana subira na baridi. Kampuni ilimpa programu ya simu. Mteja asajiliwe akiwa nyumbani kwake, simu ikamate pale aliposimama, iweke pini nyekundu kwenye ramani. Jaribio likifaulu, Protus apewe kaunti nzima. Likianguka, kazi iende kwa jamaa mmoja wa Bungoma. Na Protus, kwa hekima yake, alikuwa ameshatangaza ushindi. Aliwaambia watu wa stendi, wa kanisani, na mashemeji zake wa Mumias, ambao kwa miaka kumi walimwita "yule wa mlangoni" kwa sababu ndiko alikoning'inia enzi za matatu.

Mteja asajiliwe akiwa nyumbani kwake. Maneno hayo Protus aliyasoma, tena aliyasoma kama watu wengi wasomavyo masharti, kidole kikiwa tayari juu ya "nakubali". Azunguke nyumba thelathini? Lurambi, Sichirai, Malava, mpaka kwa Chepkemoi wa Likuyani? Ya nini, na kila Alhamisi kikundi kizima cha wafuga kuku kilikutana barazani kwa Jescah?

Tena Protus alikuwa na ugonjwa wa kupenda watu. Hakuna kilichomnenepesha roho kama nyumba iliyojaa, vikombe vikigongana, fulani akisemwa na fulani akitetewa. Basi akawasajili wote kikao kimoja, kati ya chai ya kwanza na ya pili, kila mmoja akikaa zamu yake kwenye benchi la Jescah. Simu ilikamata walipokaa. Watu thelathini, pini thelathini, bati moja.

Na kama hilo halikutosha, alisimama na kikombe cha Jescah mkononi, andazi la Jescah likimjaza shavu, akahutubia: "Watu wa Mungu, siku za kupitia kwa Mama Bramwel kuuliza fulani anaishi wapi zimekwisha! Umbea ulikuwa ramani ya mababu. Sisi sasa tuna setilaiti!"

Watu walicheka. Jescah pia alicheka, lile cheko la meno ya mbele tu.

Hayo ndiyo aliyokuwa akiyatafuna pale uani simu ilipolia. Ilikuwa Immaculate, msimamizi wa usambazaji wa kampuni, mwanamke mwenye sauti ya msimamizi wa mtihani.

"Bwana Osundwa, niko na ramani yako hapa mbele yangu. Mbona wateja wako wote thelathini wanaishi nyumba moja?"

"Ni... ni familia kubwa, madam."

"Nyumba yenyewe, kwa hii picha, haifiki vyumba vitatu."

"Sisi Waluhya tunapendana."

Immaculate hakucheka. "Wateja hewa nimewaona wengi mimi. Mtu anaandika majina ya binamu zake thelathini, anachukua vifaranga kwa bei ya mradi, anaenda kuwauza sokoni. Nina kazi kidogo Mbale, halafu saa nane niko kwako. Nikute kila oda imefungwa kwa simu ya mteja mwenyewe, kwamba mzigo umefika, na huyo mteja nimwone na macho. Nisipomwona, vifaranga wote napakia, napeleka Bungoma. Na hilo jina lako la Global nitalipeleka kwa polisi."

Simu ikakatwa. Protus akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kilichomuuma zaidi ni hiki: maisha yake yote alikuwa amefanya ujanja mdogo mdogo na hakuna aliyemshika. Leo anashikwa kwa ujanja, na alichofanya ni uvivu mtupu.

Akafungua programu awapigie wateja. Nambari zote zilikuwa nyota tupu, kampuni ilizificha kulinda siri za watu. Akajaribu kukumbuka nani anakaa wapi. Namalwa alikaa... nyuma ya kile kinu cha kusaga mahindi? Au huyo ni dada yake? Sifuna je? Alimjua Sifuna tangu utotoni, lakini hakuwahi kufika kwake, siku zote walikutana kwa Jescah. Hapo ndipo alipoutambua ukweli. Kakamega nzima alijua nyumba mbili tu, yake na ile aliyofukuzwa.

Akamwita Kibiwott, mwendesha bodaboda mtu mzima wa asili ya Lumakanda, asiyeongea sana wala kushangaa haraka. Wakasimama wawili uani kwa Jescah, chini ya dirisha.

"Mama Bramwel," Protus aliita kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi. "Mulembe."

"Mulembe tulisalimiana tayari," ilijibu sauti ya Jescah kutoka nyuma ya dirisha. "Hawa watoto wako nimewawashia jiko, wamepata joto. Hawana makosa. Wewe sema yako."

"Nina shida."

"Naijua. Simu yako ulikuwa umeweka spika."

Protus akafumba macho. "Nisaidie unielekeze nyumba zao. Kibiwott apeleke."

"Si ulisema kuna setilaiti?"

"Mama Bramwel..."

"Sema hivi: setilaiti yangu imepotea, naomba umbea wa Mama Bramwel."

Protus akamtazama Kibiwott. Kibiwott akawa anachunguza tairi lake la mbele.

"Setilaiti yangu imepotea," alisema Protus, "naomba umbea wa Mama Bramwel."

"Kibiwott, umesikia?"

"Nusu, mama."

"Kwa sauti, Baba Michelle!"

Akarudia kwa sauti ya makanga, ile ya kuita abiria toka ng'ambo ya barabara, na mbwa wa nyumba ya tatu wakaitikia. Dirisha likafunguka. Jescah akatoa katoni la kwanza, na pamoja nalo maneno, bila kukuna kichwa.

"Hii ya Namalwa. Kwa kinu cha mahindi usiende, alitokanga huko zamani. Tangu bwana yake alete ule mwingine wa Malava, ako kwa kaka yake Sichirai, geti ya bluu. Mbwa haiumi. Kaka ndiye anauma. Sifuna usimtafute kwa nyumba, asubuhi anakaa kwa kinyozi kusoma gazeti ya bure. Sellah ameenda kliniki, lakini jirani yake..."

Protus alisikiliza mdomo wazi. Programu yake ilihitaji bando, betri na anga lisilo na mawingu. Huyu alikuwa amejiegemeza dirishani na kitunguu mkononi.

Kibiwott akalifunga katoni la Namalwa nyuma ya pikipiki kama yai, akaondoka polepole. Baada ya dakika ishirini akapiga simu.

"Baba Michelle, Namalwa niko naye. Vifaranga amehesabu, amefurahi. Nimebonyeza hii kitufe ya kufunga oda kwa simu yake, inakataa."

"Inasemaje?"

"Inasema, uko mbali na mteja, kilomita tatu na nusu." Akashusha sauti. "Mimi nimemkaribia mpaka nasikia anapumua. Nimkaribie aje tena? Kaka yake ameanza kunitazama."

Protus akaitazama simu yake, akalitazama bati la Jescah. Ile programu ilikuwa imeapa kwamba kila mteja anaishi chini ya bati lile, na haingefunga oda yoyote mahali pengine. Angeweza kupeleka vifaranga hadi mbinguni na kupata sahihi ya Petro. Kwa Immaculate wangehesabika hawajafika.

"Kibiwott," alisema kwa unyonge, "mrudishe."

"Katoni?"

"Katoni na mwenyewe."

Namalwa akaletwa akiwa amepakata vifaranga wake, uso umejaa maswali. Alipokaa tu kwenye benchi la barazani, simu yake ikalia mlio wa sherehe, na maandishi ya kijani yakatokea: Hongera! Mzigo umefika nyumbani kwako.

"Nyumbani kwa nani?" Namalwa akauliza, akigeuka kutazama ukuta.

Jescah alikuwa ameshaelewa. Alitoka, akafuta mikono kwenye leso, akachukua simu yake. Hakupiga simu thelathini. Alipiga tatu tu, kwa watu watatu aliowajua kuwa hawawezi kulala na habari tumboni, na kila mmoja akamwambia: "Kuna mambo hapa kwangu, Baba Michelle anataka kushikwa na polisi, na vifaranga vyenu viko ndani. Lakini usimwambie mtu."

Kufikia saa nne boma lilikuwa limejaa. Walikuja kwa miguu, kwa bodaboda, mmoja kwa baiskeli ya mume wake bila mume kujua. Sellah alikuja na kadi ya kliniki mkononi. Sifuna alikuja na gazeti la kinyozi. Makatoni yalipangwa kuzunguka jiko lililofunikwa chungu, vifaranga wakapewa maji yenye glukosi, na akina mama wakasahau kabisa kilichowaleta, wakaanza kusemana. Jescah alizungusha macho akahesabu vichwa, kisha akaenda nyuma ya nyumba na kisu. Watu hawawezi kujaa kwa mtu wakatoka na chai tu. Jogoo wawili wakaaga dunia huku vijukuu vyao vya kampuni vikilia sebuleni.

Protus alifanya kazi yote akiwa nje. Mlango alikuwa amekatazwa, na jirani akikukataza mlango wake Shirere, huvuki mpaka yeye mwenyewe aseme. Akaihamishia ndoo yake chini ya dirisha la Jescah, akakaa juu yake akiita majina.

"Sellah Nekesa! Bonyeza!"

"Nimebonyeza. Hongera kwangu, nimefika nyumbani. Baba Michelle, mbona husimami kumwamkia mwenye nyumba?"

"Sifuna!"

"Niko. Ati dunia yako imekuwa ndogo hivi, Global? Sasa unaichungulia kwa dirisha?"

"Mwacheni," alisema Namalwa. "Si alizoeanga mlangoni? Leo hata huo amenyimwa."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Protus naye akacheka, ingawa masikio yalimpata moto. Utani ulikuwa mzuri, na kama ungekuwa wa mtu mwingine, yeye ndiye angeusambaza mpaka Mumias.

Saa saba na nusu oda ishirini na tisa zilikuwa zimefungwa. Iliyobaki ilikuwa ya Chepkemoi wa Likuyani. Habari zilikuwa zimemfikia asubuhi akipalilia mahindi, akasema anakuja. Lakini Likuyani si hapo. Gari la kampuni likaingia saa nane kasoro dakika kumi, mawingu ya mchana yakiwa yameshakusanyika upande wa msitu.

Immaculate alishuka akiwa na orodha, akapita katikati ya watu akiita jina moja moja, akitazama kitambulisho na uso. Hakuna aliyethubutu kufanya utani. Akatia alama ishirini na tisa.

"Chepkemoi?"

Watu wakageuka kutazama getini.

"Chepkemoi wa Likuyani?"

"Yuko njiani, madam," Protus alisema.

"Hewa nayo huwa njiani," Immaculate akajibu, akashusha kalamu.

Hapo pikipiki ikafunga breki getini na mwanamke mmoja akashuka, mavumbi mpaka kwenye nyusi, mkono kiunoni.

"Nani ameniita hewa?" aliuliza. "Nimepanda gari mbili na pikipiki, mgongo inaniuma. Umeonea wapi hewa inaumwa mgongo?"

Akaketi benchini. Simu ikalia mlio wa sherehe. Boma likapiga vigelegele, na vifaranga, kwa hofu, wakanyamaza kwa mara ya kwanza tangu alfajiri.

Immaculate alitia alama ya thelathini, akasimama akiitazama orodha kana kwamba imemjibu kwa ufidhuli.

"Waliokufa wangapi?"

"Wawili," alisema Jescah. "Na mmoja ni Sifuna alimkalia."

"Nilidhani ni mto," Sifuna akanong'ona.

"Wawili," Immaculate alirudia. "Kwingine tunapoteza hata tisini, wakizungushwa kwa pikipiki nyumba hadi nyumba kwenye baridi. Hapa kituo ni kimoja, joto lipo, watu wanafuata mzigo wao wenyewe." Akainua macho. "Bwana Osundwa, nani alibuni hii?"

Matone ya kwanza ya mvua yakagonga bati. Protus akahisi mdomo wake ukifunguka wenyewe, na neno "mimi" likiwa limeshavaa viatu, tayari kutoka. Aliiona kaunti nzima. Aliwaona mashemeji wa Mumias wakisimama kumpisha kiti. Alihitaji tu kusema ulikuwa mkakati, na hilo neno mkakati alilijua vizuri. Watu thelathini na mmoja walimtazama, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kutaka kumsuta. Walikuwa wakingoja tu, kama mtu anavyongoja mwisho wa hadithi anayoijua. Jescah alikuwa mlangoni na mwiko wake.

Protus akalimeza lile neno. Lilishuka kama mfupa.

"Hakuna aliyebuni, madam. Mimi sikwenda nyumba ya mtu hata moja. Niliwasajili hapa wakinywa chai, kwa uvivu, na chai yenyewe haikuwa yangu. Nyumba zao sizijui mpaka sasa. Kituo ni cha Mama Bramwel. Watu amewaleta yeye, vifaranga amewapasha joto yeye. Mimi nimekaa kwa ndoo."

Immaculate, kwa mara ya kwanza siku hiyo, akacheka.

"Basi kituo nitakiandika kwa jina lake. Mama, utakubali?"

"Nikubali nini tena na zulia imeshaharibika?" Jescah akasema. "Lakini mwezi ujao mlete vifaranga na zulia."

"Na huyu?" Immaculate alimwonyesha Protus kwa kalamu.

Jescah alimpima toka kichwani hadi miguuni, kama anayechagua papai. "Anaweza kubeba makatoni. Sauti ya kuita watu ako nayo."

"Nitabeba," Protus alisema upesi.

"Na programu usiguse," Immaculate akaongeza, "mpaka nikufundishe kusoma masharti."

Mvua ikashuka kwa fujo kama kawaida yake mchana wa Kakamega. Watu wote wakajisukuma ndani, Immaculate akiwa katikati yao, akavutiwa kiti kati ya makatoni mawili. Harufu ya ingokho, kuku wa mchuzi, na obusuma, ugali wa moto, ikapita dirishani. Protus akabaki peke yake chini ya ukingo wa paa, mgongo ukutani, maji yakimdondokea begani, akifikiri jinsi OSUNDWA GLOBAL ilivyopata mipaka mipya: kaskazini ni ua, kusini ni ndoo. Angelazimika kuipaka rangi upya ile kontena. Au aiache tu hivyo, watu wapate la kusema.

Ndani wakaanza kupitishiana maji ya kunawa. Alisikia sahani zikihesabiwa, sauti ya Sifuna ikidai firigisi, kipande cha mwanamume wa heshima, na sauti ya Jescah ikimwambia firigisi ya leo ina mwenyewe. Kisha mlango ukafunguliwa nusu, mwiko ukatangulia, na Jescah akafuata.

"Wewe, Baba Michelle! Unangoja setilaiti ikuonyeshe mlango? Mlango ni huu. Kung'uta viatu, ingia ule."